Nyati wawili, siku 10, Selous: risasi ngapi na vifaa gani tubebe kutoka Nairobi?

MpwaWaLangata

Habari zenu wadau. Mjomba wangu ameshalipia safari ya siku 10 kwenye kitalu kimoja cha Pori la Akiba Selous, Tanzania. Leseni yake ni ya nyati dume wawili, basi. Hakuna simba wala chui. Bunduki ni .375 H&H Magnum ya bolti (chuma kinachovutwa kwa mkono kupakia kila risasi), ile ya aina ya Mauser yenye ukucha mpana, magazini inameza risasi 4. Juu ina darubini ya 3-9, yaani inayokuza mara 3 hadi 9. Cheti chake cha silaha kiko sawa na kibali cha kuitoa nchini kinashughulikiwa.

Mimi ni msindikizaji tu. Sitagusa bunduki. Nitabeba begi, maji na kamera.

Naomba wanaojua wanijibu haya: abebe risasi ngapi kwa jumla, na ngapi mwilini akiwa anatembea? Laini (zinazofunguka mwilini) ni ngapi na ngumu (zisizofunguka) ni ngapi? Mimi begi langu liwe na nini hasa? Na kuna kitu cha kuangalia kwenye usafiri, maana tunaruka kutoka JKIA hadi Dar halafu ndege ndogo hadi kambini?

FundiMtutu

Tuanze na hesabu. Kwa nyati wawili, risasi 60 zinatosha na nyingine zitarudi: 40 laini, 20 ngumu. Nyati mmoja aliyepigwa vizuri huchukua risasi 2 hadi 4, kwa sababu mwindaji hapigi moja akasimama kutazama. Anaendelea kupiga mpaka mnyama aanguke au apotee machoni. Risasi 3 hadi 5 zitaliwa siku ya kwanza kambini kuhakikisha shabaha haijahama. Nyingine 2 kila bunduki ikianguka au darubini ikigongwa. Zilizobaki ni akiba.

Lakini hizo 60 ziwe mbali na za mazoezi. Nunua angalau 40 zaidi zenye namba ileile ya toleo kwenye pakiti, azimalize hapa nyumbani kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Toleo likibadilika, mahali risasi inapogonga panaweza kubadilika pia.

Laini: greni 300, yaani gramu 19.4 hivi, zinazotoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Muhimu kuliko uzito ni jinsi zilivyotengenezwa. Anataka ile ambayo ganda la shaba na madini ya risasi ya ndani vimeunganishwa pamoja, kama Swift A-Frame, au ya shaba tupu kama Barnes TSX. Zile za bei nafuu zenye ganda jembamba, zilizokusudiwa swala na kulungu, hupasuka zikigonga mfupa wa bega la nyati. Kidonda kinakuwa kipana na kifupi, pafu la upande wa pili halijaguswa, na mnyama anaingia kichakani akiwa hai na akiwa na hasira. Hapo ndipo watu huumia.

Ngumu: kipande kimoja cha shaba, haifunguki. Chagua yenye pua bapa. Yenye pua ya mviringo ikigonga mfupa mzito inaweza kupinda njia ndani ya mwili. Ile bapa hunyooka zaidi. Ila pua bapa ina tabia ya kukwama kwenye mlango wa chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) katika baadhi ya bunduki, kwa hiyo lazima ijaribiwe kwenye bunduki HIYO, si kwa maneno ya muuzaji.

Mpangilio ndani ya bunduki: ya kwanza laini, zinazofuata ngumu. Sababu ni hii. Risasi ya kwanza hupigwa mnyama akiwa amesimama, mara nyingi kundini. Risasi ngumu inaweza kupita mwili mzima na kumjeruhi nyati wa nyuma, na mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kwenye leseni sawa na aliyeuawa. Risasi ya pili na ya tatu hupigwa mnyama akikimbia kwa kukupa makalio. Hapo inabidi ipite tumbo lililojaa majani mabichi kabla ya kufika moyoni. Laini nyingi hazimalizi safari hiyo.

Na kwa kuwa bunduki ni ya ukucha mpana: asitupe risasi moja kwa moja chembani kisha akalazimisha bolti. Ukucha umetengenezwa ushike kitako cha ganda kikipanda kutoka magazini. Ukilazimishwa kuruka juu ya ukingo wake unaweza kuvunjika. Risasi zote zipite magazini.

NyayoMbichi

Nakubaliana na FundiMtutu kwa mengi, kwa mpangilio la. Kwa risasi za shaba tupu za siku hizi, .375 ya greni 300 hupenya vya kutosha hata kwa pembe mbaya. Ningempa laini za aina moja kwenye bunduki nzima, na ngumu zikae kiunoni. Ukichanganya magazini, mtu ambaye hajazoea atafika kwenye nyayo akijiuliza ya juu ni ipi, na swali hilo halifai kuulizwa mita 30 kutoka kwa nyati.

Tena magazini ni kama gunia: kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Akishapiga risasi ya kwanza na mnyama akatoweka, mtasimama hata hivyo. Hapo ndipo anaitoa laini iliyo chembani na kusukumia ngumu 2 juu, na ndizo zitakazotoka kwanza wakati wa kufuata damu. Anapata faida ileile bila kukariri orodha.

Mwilini: risasi 10 kwenye mkanda, mbali na zilizo kwenye bunduki. Zinatosha. Zaidi ya hapo ni uzito unaovuta suruali chini. Laini 5, ngumu 5, zitengwe pande mbili za mkanda, na vitako vya zile ngumu vipakwe wino mweusi wa kalamu nene ili jicho litofautishe haraka. Kama anatumia mkono wa kulia, mkono huohuo ndio unaojaza, kwa hiyo mkanda ukae mbele, upande wa kulia, si mgongoni.

Vishikio vya turubai au nailoni ni bora kuliko ngozi. Ngozi ikilowa jasho hubana risasi, na ikikaa siku kadhaa huacha kutu ya kijani kwenye shaba. Ganda lenye kutu hiyo linaweza kukataa kutoka chembani. Kama ana mkanda wa ngozi tu, kila jioni atoe risasi zote azifute kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu nguo: kaki au kijani kilichofifia, pamba, isiyopiga kelele ikisugua kichaka. Jaketi la nailoni husikika mbali. Nguo za madoadoa ya kijeshi ziacheni Nairobi, zitawaletea shida na askari hata kabla ya kufika porini. Buluu na nyeusi pia hapana, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Viatu viwe vimevaliwa angalau wiki 4, soli laini. Vaeni vifuniko vya turubai kuanzia kiatuni hadi chini ya goti, la sivyo mbigiri na mbegu za nyasi zitajaa kwenye soksi.

MpwaWaLangata

Asanteni sana. Mbili zaidi. Hiyo darubini ya 3-9 inafaa au abadilishe? Na FundiMtutu, tukienda uwanjani, tujaribu nini hasa? Mjomba hupiga risasi 5 kwenye karatasi akiwa ameketi mezani, anaridhika, anarudi nyumbani.

FundiMtutu

Meza ni ya kuijua bunduki. Nyati hupigwa mtu akiwa amesimama, bunduki ikilala juu ya miti mitatu iliyofungwa pamoja kwa juu, mara nyingi kati ya mita 40 na 80, na wakati mwingine bila miti kabisa. Kwa hiyo baada ya risasi 3 mezani, zote zilizobaki apige akiwa amesimama.

Fanyeni hivi. Karatasi iwe mita 50. Laini 3, kisha ngumu 3, kwenye karatasi hiyohiyo. Vitovu vya makundi mawili vikitofautiana chini ya sentimita 5, mko sawa. Vikizidi, badilisheni aina ya ngumu, msibadilishe kilengeo. Kisha wekeni shabaha sawasawa kwa mita 100 kwa kutumia laini. Kwa .375 iliyowekwa hivyo, mpaka mita 100 hana haja ya kuwaza kushuka kwa risasi, na nyati asipigwe mbali zaidi ya hapo.

Halafu sehemu ambayo wengi huiruka: ajaze magazini, apige zote mfululizo akiwa amesimama, bunduki isishuke begani, bolti ivutwe hadi mwisho kila mara. Kosa la kawaida kabisa kwenye .375 ni kuvuta bolti nusu. Urefu wa risasi hii ni kama sentimita 9, bolti inasafiri mbali kuliko ya .308 ambayo watu wengi wameizoea. Ukiivuta nusu, ganda tupu halitoki, au linatoka lakini risasi mpya haijashikwa, na unasukuma chemba tupu. Utasikia "tik" mahali ulipotegemea mlio. Dawa yake ni risasi za mazoezi zisizo na baruti wala fataki, nyumbani, mara 20 kila jioni kwa wiki 3, baada ya kuhakikisha hakuna risasi hai chumbani.

Kagua pia zile zilizobaki magazini baada ya kupiga 3. Teke la bunduki huzigonga mbele na nyuma. Pua za laini huharibika, na zile ambazo ganda halijabanwa vizuri shingoni, kichwa kinazama ndani. Kichwa kikizama, mgandamizo unapanda. Linganisha urefu na risasi mpya kwa kuziweka sambamba juu ya meza. Ikiwa fupi kwa kuonekana, itoe. Na kila siku porini abadilishe ya juu iende chini.

Darubini: 3-9 si mbaya ikibaki kwenye 3 muda wote, ila ningeibadilisha kwa 1-4 au 1.5-5. Kwenye 3, ukiwa mita 20 kioo kinakuonyesha upana wa takriban mita 2 tu. Nyati mzima anajaza kioo, unaona ngozi nyeusi bila kujua ni bega au mbavu. Umbali kati ya jicho na kioo uwe angalau sentimita 9, vinginevyo teke la .375 linapasua nyusi. Skrubu za vishikio zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo na kutiwa gundi ya nyuzi, kisha ziwekwe alama ya rangi. Rangi ikivunjika unajua skrubu imesogea. Kama vishikio ni vya kutoa kwa mkono, kilengeo cha chuma nacho kijaribiwe kwa mita 30. Mvua au vumbi likiziba kioo, ndicho atakachobaki nacho.

Jambo moja la joto. Nairobi asubuhi ni nyuzi 15, Selous mchana inapita 30 bila shida. Risasi zikiachwa juu ya dashibodi ya gari zinapata moto zaidi ya hapo, mgandamizo unapanda, na bolti inakuwa nzito kunyanyua. Zikae kivulini, ndani ya kitambaa.

KasuaMizigo

Usafiri, kwa ufupi lakini msipuuze hata moja.

Mashirika ya ndege huruhusu risasi hadi kilo 5 kwa abiria, uzito pamoja na vifungashio, kwa idhini ya shirika iliyoombwa mapema. Risasi 60 za .375 pamoja na pakiti ni kama kilo 2.7, mko salama. Wenye .470 Nitro Express ndio hubanwa, maana risasi moja ni takriban gramu 70. Wewe na mjomba hamwezi kuunganisha kilo zenu kwenye kasha moja, na wewe huna cheti, kwa hiyo usibebe hata moja.

Risasi zikae kwenye pakiti zake za kiwandani, ndani ya kasha dogo lenye kufuli, tofauti na kasha la bunduki. Bolti itolewe. Namba ya bunduki kwenye cheti, kwenye kibali cha kutoka Kenya na kwenye kibali cha muda cha Tanzania ilingane herufi kwa herufi. Tarakimu moja ikikosewa na karani, bunduki inabaki uwanjani Dar. Idadi ya risasi vilevile: kibali kikisema 60, msifike na 62. Kibali cha Tanzania hushughulikiwa na kampuni ya uwindaji, kwa hiyo watumieni namba hizo mapema na muombe nakala mkague wenyewe. Bastola asifikirie kabisa.

Ndege ndogo ya kwenda kambini kwa kawaida inataka mabegi laini ya kilo 15 kwa mtu. Ulizeni kama kasha gumu la bunduki linaingia. Mara nyingi bunduki huhamishiwa kwenye ala laini mkiwa Dar, kwa hiyo bebeni ala hiyo ikiwa imekunjwa.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mkitokea Kenya. Na mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, hivyo fungeni nguo kwenye mifuko ya kitambaa.

NyayoMbichi

Begi la mpwa sasa. Maji lita 3 kwa kila mmoja, na pakiti 4 za chumvi za kurudisha maji mwilini. Tochi ya kichwani 2, kwa sababu nyati aliyepigwa saa kumi jioni huchunwa gizani. Kisu kimoja kizuri na cha kunolea. Kamba ya mita 5. Utepe wa karatasi wa kuziba mdomo wa mtutu dhidi ya vumbi na mvua. Hupigwa risasi ukiwa juu yake bila madhara, tofauti na kitambaa au matope ndani ya mtutu, ambayo yanaweza kuupasua. Brashi ya kamba ya kusafishia mtutu, kitambaa kikavu, na mafuta kidogo sana. Mafuta mengi yanakusanya vumbi mpaka bolti inasaga kama jiwe la kusagia. Vizibo vya masikio kwa watu wote 2, vya aina inayoruhusu kusikia minong'ono.

Kifuko cha majivu usikisahau, ingawa wafuatilia nyayo watakuwa na chao. Soksi kuukuu yenye majivu laini ya mkaa, unaitikisa kidogo unaona upepo unakwenda wapi. Upepo wa nyuma ya shingo ukimfikia nyati, vifaa vyote mlivyobeba havina kazi siku hiyo.

Darubini ya mkononi ya 8x42 au 10x42, aivae mjomba mwenyewe kifuani.

Mnapotembea, mjomba asibebe bunduki begani kwa kuishika mtutu ukielekea mbele. Hiyo picha inapendeza lakini mtutu unakuwa mgongoni mwa mfuatilia nyayo. Mtutu juu, chemba tupu, mpaka mwindaji bingwa (mtaalamu wa kampuni anayewaongoza) aseme ajaze. Kwenye kichaka kizito, mkanda wa bunduki utolewe uingie begini mwako. Hunasa matawini wakati mbaya kuliko wote. Wewe nafasi yako ni nyuma, mtu wa mwisho au anayemtangulia askari wa wanyamapori, simu imezimwa sauti, kamera imezimwa mlio. Mnyama akija, hukimbii. Unabaki nyuma ya wenye bunduki na kufanya unachoambiwa.

Akianguka, msimkimbilie. Mwindaji bingwa atasubiri, kisha atamkaribia kutoka nyuma, na jicho litaguswa kwa ncha ya mtutu. Jicho likipepesa, risasi nyingine. Mara nyingi ataomba risasi ya nyongeza hata kama mnyama hatikisiki, na mjomba aitoe bila kubana. Bei ya risasi moja haiwezi kulinganishwa na pembe ya nyati tumboni.

MuuguziWaPori

Hakuna aliyegusa damu bado, na hiyo ndiyo sehemu ya begi ninayoijali zaidi.

Turniketi 2, zile zenye kijiti cha kuzungusha, zisizo za kuigiza. Moja nje ya begi unapoifikia kwa mkono wowote, nyingine kwa mjomba. Jeraha la pembe ya nyati mara nyingi huwa pajani. Funga sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya goti lenyewe, zungusha mpaka damu ikome, andika saa kwa kalamu, usiilegeze njiani. Jeraha likiwa kinenani ambapo turniketi haikai, jaza ndani kwa shashi yenye dawa ya kugandisha damu, gandamiza kwa uzito wako wote kwa dakika 3 au zaidi, kisha funga bandeji ya kubana. Kwa hiyo: shashi hiyo pakiti 2, bandeji za kubana 2, glavu jozi 4, mkasi wa kukatia nguo, blanketi jepesi la kuhifadhi joto. Jifunze kufunga kabla ya safari, mara 10 kwenye mguu wako mwenyewe. Ukisoma maelezo ya pakiti wakati damu inaruka, umechelewa.

Lipieni mpango wa uokoaji wa ndege. Amref Flying Doctors wako uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi, lakini hakikisheni mpango mnaonunua unajumuisha Tanzania. Andikeni namba yao ya dharura kwenye karatasi, pamoja na viwianishi vya uwanja wa ndege wa kambi, na muulize kampuni kama kuna simu ya setilaiti inayotembea na kikundi porini, si ile inayobaki kambini.

Dawa ya kuzuia malaria ianze kwa wakati wake kulingana na aina. Mkipewa doksisaiklini, kofia na mafuta ya jua ni lazima, kwani huifanya ngozi iungue haraka.

MpwaWaLangata

Nimeandika yote. FundiMtutu na NyayoMbichi, kwenye mpangilio wa magazini nitamwachia mjomba achague akishajaribu njia zote mbili uwanjani. La mwisho: turudi na nini? Anataka pembe zikae sebuleni kwake Karen.

KasuaMizigo

Msirudi na pembe, ngozi wala kipande cha nyama kavu mkononi. Uwindaji wa burudani umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kuwa na nyara bila kibali ni kosa zito, hata kama mnyama aliuawa kihalali Tanzania. Kama anazitaka kweli, aandike kwa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kabla ya safari na asubiri jibu la maandishi, huku pembe zikibaki Tanzania kwa mtayarishaji wa nyara.

Na kabla ya kuondoka kambini, geuzeni kila mfuko wa suruali, jaketi, begi la kamera na mkanda ndani nje. Risasi moja iliyojificha kwenye pindo la mfuko itaonekana kwenye mashine ya Dar au JKIA, na ikiwa kwenye begi lako wewe usiye na cheti, utalala kituoni. Risasi zilizobaki zihesabiwe mbele ya mwindaji bingwa, zilizopigwa ziandikwe, na hesabu hiyo ilingane na karatasi mtakazoonyesha mkitoka.